Maji ya Chupa au Maji ya Bomba: Tunalipia Nini Hasa?

Mtu akifika dukani Dar es Salaam na kuomba "maji makubwa", muuzaji haulizi zaidi ya kama anataka ya baridi au ya moto, yaani yale ambayo hayakuwekwa kwenye friji. Humpa chupa ya lita moja na nusu, hupokea shilingi 1,000, na biashara inakuwa imekwisha. Katika mazungumzo ya kawaida chupa hiyo huitwa maji ya chupa, au maji safi, na wapo wanaoiita maji ya madini, kana kwamba majina hayo matatu yana maana moja. Hayana maana moja, na mkanganyiko unaotokana na hapo unazigharimu familia nyingi fedha ambazo zingeweza kufanya kazi nyingine, huku ukiziacha familia nyingine katika hatari ambayo hazijui kwamba ipo.

Ninaposikia watu wakibishana iwapo maji ya chupa yana thamani kuliko ya bomba, huona kwamba maswali matatu yamefungwa kwenye furushi moja. La kwanza ni kama maji hayana vimelea vya magonjwa. La pili ni kama yana madini yanayoufaa mwili, au yanayoudhuru. La tatu, ambalo nadhani ndilo linalotufanya wengi wetu tutoe fedha mfukoni, ni kama tunaweza kuyaamini bila kuyapima wenyewe. Kila swali lina jibu lake, na majibu hayo hubadilika kulingana na mahali mtu anapoishi na chombo anachohifadhia maji.

Tuanze na maandishi ya kwenye chupa, kwa sababu hayo kila mtu anaweza kuyasoma. Jioni moja nilizipanga mezani chupa nne za watengenezaji wanne tofauti, zote zilizonunuliwa katika mtaa mmoja, nikazisoma moja baada ya nyingine kwa msaada wa tochi ya simu, maana herufi za orodha ya madini ni ndogo mno. Zote nne zilikuwa na picha ya mlima au ya tone la maji, na zote nne zilikuwa na alama ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Hakuna hata moja iliyojiita maji ya asili ya madini. Zote zilijiita maji ya kunywa, na mbili ziliongeza neno "yaliyosafishwa". Tofauti hiyo ni ya kisheria. Katika viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, maji ya kunywa yaliyofungashwa yana kiwango chao, EAS 153, na maji ya asili ya madini yana kiwango kingine, EAS 13. Mtengenezaji hawezi kuvuka kutoka kundi moja kwenda jingine kwa kubadilisha picha ya lebo.

Maji ya asili ya madini, kwa maana inayotumika katika kanuni za kimataifa za chakula za Codex tangu 1981 na katika sheria za Ulaya, ni maji yanayotoka chini ya ardhi kwenye chanzo kinacholindwa, ambayo mchanganyiko wake wa madini haubadilikibadiliki, na ambayo hufungashwa karibu na chanzo chenyewe. Huko Ulaya hayaruhusiwi kutiwa dawa wala kuuliwa vimelea kwa namna yoyote. Yanaweza kuondolewa vitu vichache, kama chuma, manganizi au salfa, kwa njia zilizoainishwa, basi. Mantiki yake ni kwamba maji hayo yameshasafishwa na miamba kwa miaka mingi, na kazi ya binadamu ni kutoyaharibu.

Maji ya kunywa yaliyofungashwa yana historia tofauti. Yanaweza kutoka kwenye kisima kirefu kilichochimbwa uani mwa kiwanda, au kwenye bomba lile lile la mamlaka ya maji linaloingia nyumbani kwako. Kiwandani huchujwa kwa mchanga na kwa mkaa maalumu unaonyonya harufu na rangi, kisha husukumwa kwa nguvu kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, katika mtambo ambao mafundi huuita RO. Utando huo hubakiza nyuma karibu kila kitu isipokuwa maji yenyewe: bakteria, chumvi, chokaa, floraidi. Mwishoni, ili kuua vimelea, maji hupitishwa kwenye miale ya urujuanimno (UV) au hutiwa gesi ya ozoni, kisha hufungwa. Ndiyo kusema kwamba chupa nyingi tunazoziita maji ya madini zina madini machache kuliko maji ya bomba yaliyotumika kuzitengeneza, na baadhi ya viwanda hulazimika kurudishia chumvi kidogo ili maji yasiwe chapwa mdomoni.

Wala hakuna aibu katika kusafisha maji ya bomba na kuyauza, mradi mnunuzi anajua anachonunua na kazi imefanywa vizuri. Kisa kinachofundisha zaidi katika jambo hili kilitokea Uingereza mwaka 2004, pale Coca-Cola walipoanza kuuza huko maji ya Dasani. Magazeti yaligundua kwamba chanzo chake kilikuwa maji ya bomba ya Sidcup, pembezoni mwa jiji la London, na umma ulikasirika. Lakini lililoyaondoa maji hayo sokoni lilikuwa jambo jingine. Baada ya maji kuchujwa, kiwanda kiliyatia kalsiamu, na kalsiamu hiyo ilikuwa imechanganyika na bromaidi. Ozoni iliyotiwa mwishoni ili kuua vimelea iliigeuza bromaidi kuwa bromati, kemikali inayohofiwa kusababisha saratani, kupita kiwango kinachoruhusiwa nchini humo. Chupa karibu 500,000 ziliondolewa madukani mwezi Machi, wiki chache tu baada ya bidhaa kuzinduliwa. Maji ya bomba ya Sidcup yalikuwa salama, na usafishaji wa ziada ndio uliozaa tatizo.

Hata maji halisi ya madini hayana kinga dhidi ya makosa. Mwaka 1990 kampuni ya Perrier ya Ufaransa ililazimika kurudisha chupa milioni 160 kutoka sehemu mbalimbali za dunia baada ya kemikali ya benzini kugunduliwa ndani yake. Januari 2024 Nestlé, ambayo ililinunua jina hilo baadaye, ilikiri kwamba baadhi ya maji yake ya madini nchini Ufaransa yalikuwa yamepitishwa kwenye mkaa na miale ya urujuanimno, kinyume cha sheria nilizozieleza. Chupa, kwa hiyo, ni bidhaa ya kiwandani kama nyingine, na uaminifu wake unategemea anayeikagua.

Sasa tuligeukie bomba, na nitasema la Dar es Salaam kwa kuwa ndilo ninaloishi nalo. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili hutoka Mto Ruvu, unaoanzia kwenye Milima ya Uluguru. Mitambo miwili ndiyo inayobeba mzigo: Ruvu Juu, wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini, wenye uwezo wa lita milioni 270. Mvua ikinyesha Uluguru, mto hushuka na udongo, na maji yanapofika mtamboni huwa na rangi ya chai ya maziwa. Hapo hutiwa dawa inayofanya kazi kama ile shabu ambayo bibi zetu walikuwa wakiizungusha ndani ya mtungi: chembe za udongo hushikana, huwa nzito, na kuzama. Maji yanayobaki juu hupita kwenye machujio ya mchanga, kisha hutiwa klorini na kusukumwa kuelekea kwenye matangi makubwa ya jiji.

Klorini ndiyo sehemu ya kazi hiyo ambayo watu wengi huichukia, kwa sababu huacha harufu, nami ningependa tuitazame kwa heshima zaidi. Mtambo wa RO huwa umemaliza kazi chupa inapofungwa. Klorini huendelea kuyalinda maji yakiwa safarini. Kinachotakiwa ni kwamba hata kwenye bomba la mwisho kabisa la mtandao ibaki walau miligramu 0.2 katika kila lita, ili kimelea kitakachoingia njiani kikutane na mlinzi. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakiona kuwa salama kwa mnywaji ni hadi miligramu 5, kwa hiyo mtu anayesikia harufu kidogo ya dawa kwenye kikombe hana sababu ya kuogopa. Akiyaacha maji kwenye jagi lililofunikwa kwa kitambaa kwa saa chache, harufu nyingi itapotea. Bomba ambalo zamani lilikuwa na harufu hiyo na ghafla halina tena ndilo linalonitia wasiwasi.

Tatizo letu kubwa liko kati ya mtambo na kikombe. Mji ambao maji hutoka usiku na mchana bila kukatika huwa na bomba lililojaa na lenye msukumo, na bomba lenye msukumo likipasuka humwaga maji nje. Bomba linalopewa maji kwa mgao, siku hii mtaa huu na kesho mtaa ule, huwa tupu kwa saa nyingi, na bomba tupu hunyonya. Likipita karibu na shimo la choo au mtaro wa maji machafu, na likiwa na ufa mdogo usioonekana, huvuta ndani kile kilichoko nje. Maji yakirudi, wimbi la kwanza hubeba uchafu huo hadi kwenye nyumba, na klorini iliyobaki huenda isitoshe kuumaliza. Ndiyo maana wakazi wazoefu huacha maji ya mwanzo yamwagike, au huyatumia kumwagilia bustani na kudekia, kabla ya kufungulia tangi. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa katika mikoa mingi ya nchi kilitukumbusha kwa uchungu kwamba mambo haya hayaishii vitabuni.

Kisha kuna tangi. Nyumbani kwetu tulilalamika kwa miezi kwamba maji yana harufu ya tope, na tukawa tunanunua ya chupa kwa ajili ya kunywa huku tukiwalaumu watu wa maji. Siku moja nilipanda kwenye mnara nikiwa na fundi. Mfuniko wa lile tangi jeusi la lita 2,000 ulikuwa umepasuka kwa jua, na ndani, maji yalipopungua, tulikuta tope jeusi la unene wa vidole viwili, majani ya mwembe yaliyooza, na mabaki ya mjusi yaliyoshikana na ukuta wa plastiki. Fundi aliingiza mkono, akatoa kiganja cha lile tope, akaninyooshea bila kusema neno. Maji yaliyokuwa yakitoka kwenye bomba la barabarani, mita kumi kutoka hapo, yalikuwa hayana harufu yoyote isipokuwa ya klorini. Tulisafisha tangi kwa brashi na dawa, tukanunua mfuniko mpya wenye kufunga vizuri, na harufu ikaisha. Tangu hapo, mtu akiniambia kwamba maji ya bomba ya mtaani kwake ni mabaya, swali langu la kwanza ni lini mara ya mwisho alichungulia ndani ya tangi lake.

Kwa nyumba iliyo katika hali hiyo, yaani inayopata maji yaliyotibiwa mtamboni lakini ambayo huenda yamechafuka njiani, kuchemsha kunatosha kabisa kuondoa hatari ya vimelea. Maji yakishatokota kwa mapovu makubwa, dakika 1 huua bakteria, virusi na vijidudu vya tumbo. Katika nyanda za juu zaidi ya mita 2,000, kama Makete, ambako maji hutokota kabla hayajapata joto kamili, dakika 3 zinatosha. Ile desturi ya kuyaacha jikoni nusu saa huunguza gesi na mkaa bila faida. Asiye na nishati ya kutosha anaweza kutumia vidonge au matone ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na akasubiri nusu saa. Wengi, hata hivyo, huharibu kazi hiyo nzuri baadaye: maji yaliyochemshwa humiminwa kwenye ndoo ya mdomo mpana, na kila anayepita huchota kwa kikombe huku vidole vyake vikigusa maji. Ndoo yenye koki, ambayo mkono hauwezi kuingia, ina thamani kubwa kuliko watu wanavyoidhania.

Tufanye hesabu ya fedha, maana swali la thamani haliwezi kujibiwa bila hesabu. Tuchukue familia ya watu watano, kila mmoja akinywa lita 2 kwa siku. Hiyo ni lita 10 kwa siku, lita 300 kwa mwezi. Kwa chupa za lita moja na nusu za shilingi 1,000, familia itahitaji chupa 200 na italipa shilingi 200,000. Kwa madumu ya lita 20 yanayowekwa kwenye dispensa, ambayo dukani kwetu hujazwa kwa shilingi 4,000, itahitaji madumu 15 na italipa shilingi 60,000. Kwa maji ya bomba, lita 300 ni chini ya theluthi moja ya uniti, na uniti nzima yenye lita 1,000 tunailipia shilingi elfu moja na mia kadhaa hivi. Maji yenyewe, basi, hayafiki shilingi 1,000 kwa mwezi mzima. Lakini haki inadai tuongeze nishati. Kwa makadirio yangu, kuchemsha lita 10 kila siku kwenye jiko la kawaida hula kama kilo 4 za gesi kwa mwezi, ambazo kwa bei ya kujaza mtungi mdogo ni kama shilingi 16,000. Kuchemsha hakuji bure, na ninawaelewa akina mama wanaosema kwamba dumu la dukani linawapunguzia kazi na joto la jikoni. Hata hivyo, kati ya shilingi 17,000 na 200,000 kuna tofauti inayoweza kulipa karo ya mtoto.

Kuhusu plastiki yenyewe, ninajaribu kusema kwa uangalifu, kwa sababu kuna hofu nyingi zinazosambazwa kupita ushahidi uliopo. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walitumia mbinu mpya ya mwanga wa leza na kuhesabu wastani wa vipande 240,000 vya plastiki katika lita moja ya maji ya chupa, vingi vikiwa vidogo kiasi kwamba vipimo vya zamani visingeweza kuviona. Idadi hiyo inashtua, lakini utafiti huo ulihesabu vipande. Haukuonyesha kwamba mtu fulani aliugua kwa sababu yake, na Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya 2019 lilisema ushahidi wa madhara kwa binadamu bado ni mdogo. Lililo wazi zaidi ni kwamba joto huifanya plastiki kuachia kemikali nyingi zaidi ndani ya maji, ikiwamo antimoni inayotumika kutengenezea chupa hizo. Kwa hiyo chupa zilizopangwa juani kwenye meza ya barabarani kuanzia asubuhi, au zilizosahauliwa ndani ya gari lililofungwa vioo, si maji ninayoweza kumpa mgeni kwa moyo mweupe, hata kama tarehe ya mwisho wa matumizi iko mbali.

Kuna pia udanganyifu wa kawaida wa mitaani. Chupa tupu huokotwa, huoshwa, hujazwa maji ya bomba au ya kisima, na huuzwa kwenye foleni za magari zikiwa na barafu. Mnunuzi anapaswa kusikia mlio wa pete ya kizibo ikikatika mkononi mwake mwenyewe. Kizibo kinachofunguka kimyakimya ni sababu tosha ya kurudisha chupa. Anayemaliza kunywa akiikunja chupa na kuiminya kabla ya kuitupa anamnyima tapeli chombo cha kazi. Na wale wenye dispensa ofisini wajue kwamba mdomo wa mashine hiyo na hifadhi yake ya ndani huota utelezi wa bakteria usiposafishwa. Dumu jipya lililosafishwa kwa RO halina klorini ya kujilinda, hivyo likikutana na mashine chafu, maji huchafuka papo hapo. Katika hilo maji ya bomba yana nguvu kuliko ya dumu.

Vipi kuhusu madini? Hapa wauzaji wa chupa na wauzaji wa mashine za kuchujia huvutana, kila mmoja akidai kwamba maji ya mwenzake ni maji mfu au maji mazito. Mtu mzima huhitaji kalsiamu kama miligramu 1,000 kwa siku. Maji ya Evian, ambayo ni ya madini kweli kweli, yana kama miligramu 80 katika lita; mtu angelazimika kunywa zaidi ya lita 12 ili apate mahitaji yake kutoka humo peke yake. Glasi moja ya maziwa ina karibu miligramu 300, na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao hutoa nyingi zaidi. Yapo maji machache ya Ulaya yenye kalsiamu nyingi kweli, na mtu asiyekunywa maziwa anaweza kufaidika nayo, lakini kwa bei yanayouzwa hapa kwetu ni nafuu mara nyingi zaidi kununua fungu la dagaa. Kwa upande mwingine, aliyeshauriwa na daktari kupunguza chumvi kwa ajili ya shinikizo la damu ana sababu ya kusoma kiasi cha sodiamu kwenye lebo, hasa anapoishi mahali penye visima vya maji ya chumvi, kama ilivyo katika mitaa mingi ya pwani. Maji hayo ukiyachemsha hayapungui chumvi hata kidogo.

Na hapo ndipo tunafika kwenye sehemu ya nchi ambako chupa inaweza kuwa na thamani ya kweli, na ambako ushauri wangu wa kuchemsha hauna msaada. Miamba ya volkano inayozunguka Mlima Meru na Mlima Kilimanjaro ina floraidi nyingi, na maji yanayopita ndani yake huibeba. Kidogo cha floraidi huimarisha meno. Ndiyo sababu hutiwa kwenye dawa ya mswaki. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa maeneo mengi yasingepata maji kabisa kama kikomo kingekuwa cha chini, na baadaye ndipo kiwango cha taifa kiliposhushwa kulingana na kile cha dunia. Katika baadhi ya chemchemi na visima vya Arumeru, mkoani Arusha, kiasi kilichopimwa ni mara kadhaa ya hicho.

Maji hayo huwa meupe, baridi na matamu. Hayana harufu, hayana tope, hayaleti kuhara. Mtu anayeyaangalia kwenye glasi atayachagua kabla ya yale ya Ruvu yenye harufu ya dawa. Madhara yake huonekana baada ya miaka: meno ya kudumu ya mtoto huota yakiwa na mistari myeupe, kisha ya njano, kisha ya kahawia iliyokolea, na mengine huwa na vishimo. Ukipanda daladala ya Usa River utawaona vijana wanaofunika mdomo kwa mkono wanapocheka. Kwa wale waliokunywa kiasi kikubwa mno kwa muda mrefu, mifupa nayo hukakamaa na kupinda. Na mama anayeyachemsha maji hayo kwa bidii, akiamini kwamba anamlinda mwanawe, anayafanya yawe mabaya zaidi kidogo, kwa sababu mvuke huondoka na floraidi hubaki kwenye sufuria.

Kwa familia kama hiyo maji ya chupa au ya dumu yaliyopitishwa kwenye RO si anasa. Lakini namba ya floraidi lazima isomwe kwenye lebo, kwa kuwa kiwanda kilichoko kwenye miamba ile ile kikichuja ovyo kinaweza kuuza kile kile kilichomo kisimani. Ikiwa lebo haitaji floraidi, muuzaji aulizwe. Pale Ngurdoto, karibu na eneo liitwalo Maji ya Chai, kipo kituo kilichofanya kazi kwa miaka mingi kutafiti uchujaji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floraidi, na vichujio vya namna hiyo vinaweza kutumika nyumbani mradi mkaa ubadilishwe unapochoka. Ikumbukwe pia kwamba maji hayaingii mwilini kwa kunywa tu: ugali, uji, chai na maharage hupikwa kwa maji hayo hayo, na magadi yanayotiwa kwenye maharage ili yaive haraka huwa na floraidi yake nyingi, kwa hiyo kuyaacha ni hatua isiyohitaji hata senti moja.

Mzazi asiyeweza kununua maji ya watu wote nyumbani anaweza kugawa kwa umri bila kumwonea mtu. Gamba gumu la meno ya kudumu hujengeka tangu utotoni hadi kufikia kama miaka 8, na doa likishaingia wakati huo halitoki kwa mswaki. Dumu moja la wiki, likiwekwa kwa ajili ya kunywa na kupikia uji wa watoto walio chini ya umri huo, linafanya kazi kubwa kuliko madumu matano yanayonywewa na watu wazima ambao meno yao yalishamaliza kukua. Na masika yakija, maji ya mvua hayana floraidi ya kutajwa: bati safi, mfereji, tangi lenye mfuniko unaofunga, na kuyaacha maji ya dakika za mwanzo yapite ili yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege. Maji hayo yanafaa kuchemshwa, kwa sababu hatari yake ni ya vimelea, na safari hii kuchemsha kunasaidia.